Kozi Ipo Chuoni, Ila Je, Iko Wazi Kwako? Kuelewa Masomo ya Vyuo Vikuu vya Nje

Mtu akiuliza "chuo fulani cha Ujerumani kina kozi gani" huwa najua swali limeanzia pabaya, maana chuo kikubwa cha kawaida kina programu nyingi mpaka unachoka kuteremsha ukurasa, uhandisi wa kila aina, biashara, sheria, udaktari, lugha ambazo hujawahi hata kuzisikia, zote zimepangwa kwa alfabeti na picha za vijana wanacheka kwenye nyasi, na hakuna mahali wameandika kwa herufi kubwa kwamba nyingi kati ya hizo wewe huwezi kuingia. Na wala sio maksi zako. Inaweza kuwa lugha, au ngazi, au mwezi wa kuanza, au aina ya mwanafunzi unayeenda kuwa, au serikali ya huko inataka kibali kabla hujaruhusiwa kusoma kitu hicho.

Kozi kuwepo ni jambo moja na kozi kuwa wazi kwako ni jambo lingine, na hapo katikati ndo pesa na miaka ya watu inapotelea. Ili tusichanganyane, nikisema programu namaanisha degri nzima tangu unaingia mpaka cheti, nikisema somo namaanisha moja moja unalosoma ndani ya semesta.

Kwanza ujue uko kundi gani

Ofisi ya udahili haikuoni kama "mwanafunzi wa kigeni" tu basi. Inakuweka kwenye kundi, na kila kundi lina orodha yake ya masomo.

Kuna wa degri nzima, huyo anaeleweka, anaingia mwaka wa kwanza anatoka na cheti cha chuo hicho. Kuna wa kubadilishana, yaani unabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chako, unaenda semesta moja au mbili kwenye chuo ambacho kina mkataba na chako, krediti, yaani pointi za masomo uliyomaliza, zinarudi nyumbani na cheti kinatolewa na chuo chako. Mfano unaojulikana zaidi ni Erasmus, iliyoanza 1987 ikiwa na nchi 11 tu za Ulaya na sasa imepanuka mpaka inagusa vyuo vya nje ya Ulaya vyenye makubaliano. Kuna mgeni wa kujitegemea, ambaye hana mkataba wowote nyuma yake, anaomba mwenyewe, analipa mwenyewe, na kwenye masomo yanayogombaniwa mara nyingi anapata nafasi zilizobaki. Halafu kuna wa maandalizi, ambaye bado hajaingia degri ila yuko kwenye mwaka wa kumfikisha huko.

Huyu wa maandalizi ndo anajifunga mapema kuliko wote na mara nyingi hajui. Chukua Ujerumani, wana kitu kinaitwa Studienkolleg kwa wale ambao cheti chao cha sekondari hakihesabiki moja kwa moja kuwa sawa na cha kwao. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, na unapochagua tawi unakuwa umeshachagua na fani: T ni ya uhandisi, hesabu na sayansi asilia, M ni udaktari, biolojia na famasia, W ni uchumi na sayansi ya jamii, G ni historia, fasihi na jamaa zake. Mwisho kuna mtihani unaitwa Feststellungsprüfung. Sasa mtu kaingia W kwa sababu ndo iliyokuwa na nafasi, anasema nikishafika nitahamia udaktari. Hahamii. Uingereza nako ule mwaka wa faundesheni unafungwa kwenye njia fulani, na tangazo linalosema "inakupeleka kwenye zaidi ya programu hizi na hizi" ukilisoma vizuri unakuta udaktari na meno havimo, kwahiyo kabla ya kulipa chochote tafuta orodha ya programu zinazoipokea hiyo faundesheni kwa majina, sio kwa jumla jumla.

Lugha, na hapa usiamini kichwa cha habari

"Nchi fulani inafundisha kwa Kiingereza" ni sentensi isiyo na maana mpaka useme ngazi gani. Ujerumani ina programu nyingi sana za Kiingereza lakini zimejaa upande wa masta, ukirudi kwenye degri ya kwanza kwenye vyuo vya umma nyingi ni Kijerumani na watakuomba cheti cha lugha cha TestDaF au DSH au kinacholingana. Ufaransa ni hadithi ileile, degri ya kwanza vyuo vikuu vya umma ni Kifaransa kwa sehemu kubwa, Kiingereza unakikuta zaidi kwenye masta na shule za biashara. Uholanzi na nchi za Skandinavia zina Kiingereza kingi, ila Skandinavia nako ukiangalia degri ya kwanza orodha inafupika ghafla.

Uturuki wale wanaopata ufadhili wa serikali, Türkiye Bursları, kwa kawaida wanaanza na mwaka mzima wa Kituruki kabla hata ya kugusa fani yao, na ukishindwa lugha fani huioni. China ina programu za Kichina zinazotaka cheti cha lugha cha HSK na nyingine za Kiingereza, na hizi mbili hata zikiwa na jina moja zinaweza kuwa na walimu tofauti, madarasa tofauti na masomo ya kuchagua tofauti kabisa. Hiyo ya mwisho watu hawaiulizi. Programu ya Kiingereza ndani ya chuo kisicho cha Kiingereza mara nyingi ina masomo ya lazima yote, ila yale ya kuchagua ni machache, kwasababu yale mengine thelathini unayoyaona kwenye katalogi yanafundishwa kwa lugha ya nchi.

Udaktari unahitaji aya yake. Italia, Poland na Hungary zina programu za udaktari za Kiingereza ambazo zinavuta watu kutoka kila kona, na Italia kwa vyuo vya umma unafanya mtihani unaoitwa IMAT. Sawa. Miaka ya mwanzo uko darasani na maabara, anatomia, biokemia, kila kitu Kiingereza, huna shida. Halafu unaingia wodini na mgonjwa hajui Kiingereza, bibi wa miaka themanini anakueleza kifua kinavyombana kwa Kipolandi na wewe ndo unatakiwa kuchukua historia. Ndio maana programu hizo huwa zinaweka masomo ya lugha ya nchi ndani ya ratiba tangu mwanzo, na wanaoyachukulia kama mapambo wanaumia mwaka wa nne.

Miaka na krediti, hesabu ambayo inakuja kukuuma baadaye

England degri ya kwanza ni miaka 3 kwa kawaida. Scotland, nchi ileile ya Uingereza, ni 4. Marekani 4. Mwaka 1999 nchi 29 za Ulaya zilisaini Azimio la Bologna ili mifumo ifanane, na kutoka hapo ndo ukapatikana huu mpangilio wa degri, masta, PhD ambao nchi nyingi zinautumia, degri ya kwanza krediti 180 au 240 za ECTS, yaani mfumo wa krediti wa Ulaya, masta kati ya 60 na 120. Mwaka mmoja wa kusoma kikamilifu ni ECTS 60, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 25 mpaka 30 za kazi, pamoja na kusoma mwenyewe, sio za darasani peke yake. Uingereza wana krediti zao, 120 kwa mwaka, kwahiyo mbili za kwao ni ECTS moja. Marekani degri nzima inazunguka kwenye krediti 120, yaani kama 30 kwa mwaka.

Unaona ni hesabu za wahasibu tu, lakini angalia hii. Mtu amesoma degri ya miaka 3 England, ECTS 180, akaongeza masta ya mwaka mmoja hapohapo, krediti 180 za Uingereza ambazo ni ECTS 90. Jumla 270. Anaenda kuomba PhD kwenye chuo cha Ulaya bara chenye sharti la jumla ya ECTS 300, na anakuta amepungukiwa 30, semesta nzima, wakati mwenzake aliyesoma masta ya miaka 2 anapita bila maneno. Sio kila chuo kina sharti hilo na wengine wanakuruhusu kufidia kwa masomo ya ziada. Ila hakuna aliyemwambia siku anachagua masta ya mwaka mmoja "kwa sababu ni fupi".

Na masta zenyewe zina tabia mbili tofauti. Ujerumani, Uholanzi na wengine wengi masta ni mwendelezo, maana yake degri yako ya kwanza iwe ya fani hiyohiyo au ya jirani kabisa, na wanahesabu: krediti kadhaa za hesabu, kadhaa za takwimu, kadhaa za kuandika programu za kompyuta. Umesoma uhasibu na unataka masta ya sayansi ya data, watakurudisha sio kwa GPA yako bali kwa sababu transkripti yako haina hesabu za kutosha. Uingereza wanazo zile masta za kubadili fani, za kompyuta kwa mfano, au saikolojia, zilizotengenezwa makusudi kwa mtu ambaye hakusoma hicho kitu. Kwahiyo jina lilelile la masta, nchi moja iko wazi kwako nchi nyingine imefungwa, na hakuna uhusiano wowote na akili zako.

Marekani wao wana uhuru wa kwao, unaingia chuo bila kuchagua fani, unaonja masomo mpaka mwaka wa pili ndo unatangaza meja, yaani fani yako kuu. Hii inasifiwa sana na ni kweli ni nzuri. Lakini kuna vyuo ambavyo uhandisi, sayansi ya kompyuta na unesi vinadahili moja kwa moja tangu mwanzo, na kuhamia humo ukiwa ndani ni kugombania nafasi chache na wenzako wenye A tupu, yaani mlango unaonekana kabisa ila umefungwa na kitasa. Ukiomba uliza hivi: kuingia kwenye meja hii ukiwa tayari mwanafunzi kunahitaji nini, na je kuna kikomo.

Uingereza ni kinyume chake. Unaomba programu, sio chuo. Kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi, unapewa chaguo 5, na maelezo binafsi unayoandika ni yaleyale yanaenda kote, kwahiyo ukichanganya sheria, uchumi na usanifu majengo kwenye chaguo zako kila anayekusoma ataona huna msimamo. Udaktari, meno na mifugo unaruhusiwa chaguo 4 tu za fani hizo, na dedlaini yake ni 15 Oktoba, pamoja na ya Oxford na Cambridge, miezi kabla ya wengine. Wengi wanaamka Januari wakidhani bado wapo kwenye muda.

Fani za leseni: anza mwisho urudi nyuma

Ukiniuliza ni sehemu gani ya makala hii isomwe mara mbili ningesema hii. Kuna fani ambazo degri peke yake haikuruhusu kufanya kazi, kuna bodi au baraza linakupa leseni, na hilo baraza liko kwenye nchi unayotaka kufanya kazi, sio unayosoma. Kwahiyo hizo haziulizwi "wana kozi gani", zinaulizwa "nitafanya kazi wapi, na wale wa huko wanakubali nini".

Sheria ndo mfano mkali. Sheria inakaa na nchi yake. Ukisoma LLB, degri ya kwanza ya sheria, England umesoma sheria ya England na Wales, Scotland wana mfumo wao tofauti kabisa hata kama ni treni ya saa chache. Ukienda nchi inayofuata mfumo wa sheria wa Ulaya bara unasoma kanuni zilizoandikwa kwa namna nyingine. England kuna njia ya mawakili inayoitwa SQE, ilianza 2021, na yenyewe haikulazimishi degri iwe ya sheria. Marekani hakuna sheria kama degri ya kwanza ya kukufanya wakili, kuna degri ya sheria ya JD ya miaka 3 baada ya degri nyingine yoyote, halafu kuna LLM, masta ya sheria ya mwaka mmoja ambayo ndo inauzwa sana kwa wageni. LLM ni nzuri kwa mtu ambaye tayari ni mwanasheria kwao, na majimbo machache, New York likiwemo, yana njia ya kumruhusu mwanasheria wa nje mwenye LLM kufanya mtihani wao akitimiza masharti. Lakini kama huna sheria nyuma yako, LLM sio njia ya mkato kwenda mahakamani.

Udaktari Marekani nao hauanzi baada ya sekondari. Unasoma degri kwanza, halafu shule ya udaktari miaka 4, na shule nyingi za udaktari kule hazipokei kabisa waombaji wasio raia au wakaazi wa kudumu. Kwahiyo mtu anayekwenda kusoma "pre-med" ajue hiyo mara nyingi sio degri, ni mkusanyiko wa masomo ya maandalizi ndani ya degri ya kitu kingine, na mwisho wake sio uhakika. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya na Asia unaingia moja kwa moja kwa miaka 5 au 6. Popote unapokwenda, angalia kama shule imo kwenye World Directory of Medical Schools, lakini usiishie hapo, kuwemo kwenye orodha hakukupi leseni, baraza la madaktari la unakotaka kufanya kazi linaweza kuwa na masharti yake juu ya lugha ya kufundishia, urefu wa mafunzo ya vitendo na mahali yalipofanyika. Waandikie wao kwanza, kabla ya chuo, tena pata jibu la maandishi.

Uhandisi una habari nzuri kidogo. Kuna makubaliano ya Washington ya 1989 ambapo bodi za nchi zilizosaini zinatambuana programu za uhandisi, walianza Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand na Ireland na wengine wakajiunga baadaye. Ila soma kwa makini: kinachotambuliwa ni programu, sio chuo. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi wenye ithibati na hapohapo kikawa na programu mpya ya uhandisi wa kitu cha kisasa chenye jina tamu ambayo bado haina. Na kuna makubaliano mengine ya Sydney na ya Dublin ambayo ni ya wanateknolojia na mafundi sanifu, kwahiyo mtu akikwambia "imetambuliwa kimataifa" muulize kwa makubaliano gani.

Usanifu majengo Marekani una mtego wake: degri ya miaka 4 ya usanifu kwa kawaida haina ithibati ya NAAB, bodi inayokagua programu za usanifu, yenye ithibati ni B.Arch ya miaka 5 au M.Arch. Saikolojia karibu kila mahali degri ya kwanza haikufanyi mwanasaikolojia wa kutibu watu. Unesi na ualimu zina mafunzo ya vitendo na watoto au wagonjwa, maana yake ukaguzi wa rekodi ya polisi, chanjo, na lugha ya juu kuliko ya programu nyingine za chuo hichohicho.

Chuo cha nadharia na chuo cha vitendo

Hii fupi lakini inachanganya. Uholanzi kuna vyuo vikuu vya utafiti na kuna hogeschool, ambazo ni za vitendo, Ujerumani kuna Universität na Fachhochschule, Finland nao hivohivo. Kwa Kiingereza vyote vinajiita university, wengine wanaongeza "of applied sciences". Programu ya biashara inaweza kuwepo kote kuwili kwa jina moja, ila Uholanzi ile ya utafiti ni miaka 3 na ile ya vitendo ni 4 ikiwa na mafunzo kazini ndani yake. Kwa mtu anayetaka ajira haraka mimi naona ya vitendo mara nyingi ni bora, na inadharauliwa bure. Shida inakuja ukitaka masta ya chuo cha utafiti baadaye, kwa Uholanzi mara nyingi utapitishwa kwenye mwaka au nusu mwaka wa kufidia. Na programu zao zenye idadi maalum ya nafasi, dedlaini ni 15 Januari wakati nyingine zinaendelea kupokea.

Wanaoenda kubadilishana semesta

Hapa maisha ni mengine. Haugombei kuingia chuo, chuo chako kimeshakuombea nafasi. Unagombea masomo.

Katalogi utakayoiona mtandaoni mara nyingi ni ya mwaka huu, wewe unaenda mwaka ujao, na kuna masomo yanafundishwa mwaka mmoja yanaruka mwaka unaofuata kwasababu profesa yuko likizo ya utafiti. Kuna masomo yana sharti la awali, somo la tatu linataka umemaliza la kwanza na la pili, na ni juu yako kuthibitisha kwamba ulichosoma kwenu kinalingana, kwa silabasi yenye mada na vitabu, jina la somo peke yake halitoshi. Kuna masomo yamefungwa kwa wageni kabisa: ya hospitalini, mradi wa mwaka wa mwisho, tasnifu, na sehemu nyingi shule ya biashara ambayo kila mtu anaitaka. Kama mkataba wa chuo chako umesainiwa na idara ya historia, usishangae idara ya uchumi ikikwambia haikujui.

Ulaya kuna karatasi inaitwa Learning Agreement, inasainiwa na pande tatu, wewe, chuo chako na chuo unachokwenda, inataja kila somo na krediti zake na litahesabiwa kama nini ukirudi. Kawaida ni ECTS 30 kwa semesta. Watu wanaichukulia kama fomu ya kujaza upesi, mimi nakwambia ndo mkataba wako pekee, kwasababu ukifika na somo likawa limefutwa au linagongana na lingine kwenye ratiba, unabadilisha hiyo karatasi na inasainiwa upya palepale, sio unachukua somo lingine kimyakimya halafu unarudi nyumbani wanakwambia hatulitambui. Weka masomo mawili matatu ya akiba tangu mwanzo.

Uingereza kuna jambo dogo la mitihani. Kuna vyuo ambavyo mitihani ya semesta ya kwanza ni Januari, na mwanafunzi wa semesta moja anaondoka Desemba, kwahiyo wengine wanampa insha badala ya mtihani na wengine wanamwambia somo hili halichukuliwi na wa semesta moja. Na kuna masomo ya mwaka mzima ambayo hayakatiki nusu.

Maksi nazo zinahitaji kutafsiriwa. Uingereza 70 ni daraja la kwanza na 40 ni kufaulu, Ufaransa wanahesabu juu ya 20 na 10 inatosha, Italia ni juu ya 30 na chini ya 18 umefeli, Ujerumani 1.0 ndo bora kabisa na 4.0 ndo kufaulu kwa shida. Mtu amerudi na 62 ya Uingereza, ambayo ni nzuri, na ofisi ya kwao ikaisoma kama C ya kusikitisha. Wajerumani wanatumia fomula yao: unachukua maksi ya juu kabisa ya mfumo wako, unatoa yako, unagawa kwa tofauti ya maksi ya juu na ile ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, unaongeza 1. Mfumo wa juu 5 na kufaulu 2, wewe una 4, unapata 2.0. Uliza mapema chuo chako kinatumia jedwali gani, na kama maksi zitaingia kwenye wastani wako au zitaandikwa "amefaulu" tu, maana hilo linabadilisha kabisa uchague somo gumu au jepesi.

Mambo ya serikali ambayo hayapo kwenye brosha

Uingereza kuna kibali kinaitwa ATAS, kwa masomo ya sayansi na uhandisi yanayohesabiwa nyeti, zaidi ngazi ya masta na utafiti. Raia wa nchi kadhaa wamesamehewa, wengine wote lazima wapate kabla ya viza, na chuo kinaweza kukupa nafasi halafu kibali kikachelewa mpaka muhula ukaanza. Kwenye ukurasa wa programu huwa pana mstari mmoja tu unaokitaja, chini kabisa.

Marekani mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 ngazi ya degri ya kwanza lazima abebe angalau krediti 12 kwa semesta, na la mtandaoni linalohesabiwa humo ni moja tu. Kwahiyo yale masomo ya mtandaoni yaliyojaa kwenye katalogi, matamu, yasiyo na kuamka asubuhi, kwako hayapo kihivyo. Halafu kuna hili la namba za programu, ambalo wenyeji wenyewe hawalijui kwasababu haliwahusu: baada ya kumaliza, ruhusa ya kufanya kazi inayoitwa OPT ni miezi 12, na fani zilizo kwenye orodha ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, zinaongezewa 24. Kinachoamua ni namba ya serikali iliyopewa programu, sio jina. Uchumi kwa mfano, chuo kimoja kimeiandikisha kama uchumi wa kawaida, kingine kimeiandikisha kama uchumi wa takwimu na hesabu ambao uko kwenye orodha, masomo karibu yaleyale, mmoja anapata miezi 12 mwenzake 36. Kanuni za viza zinabadilika na serikali, kwahiyo thibitisha mwaka wako, ila namba ya programu unaweza kuiuliza leo.

Muhula wa kuanza nao unapunguza orodha. Australia mwaka unaanza Februari au Machi na kuna wa pili Julai, Japani ni Aprili isipokuwa programu nyingi za Kiingereza zinazoanza Septemba au Oktoba, Ujerumani programu nyingi ni Oktoba peke yake. Chuo kikisema "tunapokea mara mbili kwa mwaka" ni chuo kinachosema, sio programu yako.

Kampasi za ng'ambo na masta za pamoja

Siku hizi unaweza kupata degri ya nchi moja ukiwa nchi nyingine. Monash ya Australia ina kampasi Malaysia tangu 1998, Nottingham iko Ningbo, China, tangu 2004, NYU ilifungua Abu Dhabi 2010. Cheti ni kilekile au karibu sawa, ila orodha ya programu ni fupi, kwahiyo usiangalie ukurasa wa kampasi kuu ukadhani ndo ya kwako. Zile masta za Erasmus Mundus nazo zinavutia, unasoma kwenye nchi mbili au zaidi, ziko wazi kwa watu wa dunia nzima, lakini njia yako ndani yake inategemea utaalamu uliouchagua: semesta ya tatu ya utaalamu huu iko mji fulani na ya ule mwingine iko kwingine, na mara nyingi unachagua wakati wa kuomba, sio ukishafika.

PhD haiko kwenye katalogi

Kwa PhD acha kabisa kutafuta "kozi". Marekani ndo inafanana zaidi na programu, ina masomo darasani miaka ya mwanzo, na unaweza kuingia na degri ya kwanza bila masta. Skandinavia na sehemu kubwa ya Uholanzi na Ujerumani PhD ni ajira, inatangazwa kama kazi, ina mshahara, ina mada iliyoshaamuliwa, kwahiyo unatafuta kwenye ukurasa wa nafasi za kazi wa chuo. Uingereza iko katikati, unaweza kupeleka pendekezo lako au kuomba mradi uliotangazwa, na bila msimamizi aliyekubali barua yako haiendi mbali.

Na kwa ngazi zote, kitu cha kusoma sio ukurasa wa matangazo. Tafuta kitabu cha moduli cha programu, wengi wanakiweka kama PDF imejificha chini ya kanuni za mitihani, humo utaona kila somo, krediti, lugha, masharti, na linafundishwa semesta ipi. Ukishakisoma ndo umwandikie mratibu wa programu, sio ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na uandike swali lenye namba. Ukiuliza "je naweza kuomba" utajibiwa kwa linki uliyoisoma jana. Ukiuliza "nina krediti 14 za hesabu, mnataka 20, je hili somo la takwimu ambalo silabasi yake nimeambatanisha mnalihesabu" hapo atakujibu mtu aliyeifungua hiyo silabasi. Hilo jibu lihifadhi na uliambatanishe kwenye maombi, kwasababu kamati itakayokaa kuamua inaweza isiwe na huyo aliyekujibu.